Mbao za Mpakani

Mlango wa nyumba ya Kamba ulijitoa wenyewe kwenye bawaba siku ya Jumatano, baada ya chakula cha mchana, ukaenda zake.

Kamba alikuwa uani, ameketi juu ya gogo, msumeno wa mashine ameulaza mapajani, anapiga tupa meno ya mnyororo. Kazi hiyo haitaki papara. Kila jino hupigwa kwa kusukuma, si kwa kurudisha, na jino moja likizidi mwenzake hata kidogo, mashine huanza kuvuta upande, ubao ukatoka mnene huku na mwembamba kule, na mwenye mti akakuita majina ambayo hukupewa na wazazi wako. Yeye jina la Kamba alilipata kwa sababu ya uzi wake. Kabla ya kupasua gogo aliuchovya uzi kwenye oili chafu, akaukaza toka ncha hii hadi ile, akauinua kwa vidole viwili na kuuachia, ukapiga mstari mweusi. Mstari ukishapigwa hakuwa na utani na mtu. Wapasuaji wengine walikuwapo, lakini aliyetaka ubao ulionyooka alimtafuta Kamba.

"Baba watoto," mkewe alisema kutoka jikoni, bila kupaza sauti. "Mlango unatoka."

Kamba akainua kichwa. Mlango ulikuwa umeshavuka kizingiti. Kwa kuwa hauna miguu, ulikwenda kwa pembe: uliegemea pembe moja, ukaizungusha ya pili mbele, kisha ukaiegemea hiyo, kama watu wanavyohamisha kabati zito. Skrubu zake zilibaki kizingitini, zimelala safu moja. Ulipofika barabarani ulisubiri baiskeli ipite, halafu ukakata kushoto.

"Na komeo lenyewe jipya," mkewe alisema. "Ufuate kabla watu hawajaling'oa."

Kamba aliweka tupa chini. Kushoto kulikuwa ni kwa Dada.

Mlango ule ulikuwa wa mkangazi, na mkangazi wenyewe alikuwa ameuangusha yeye kwa mkono wake, mwanzoni mwa mvua zilizopita, kwenye mpaka wa shamba la dada yake. Dada alikuwa mkubwa wake, tumbo moja, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alimbeba mgongoni akiwa yeye mwenyewe bado ni wa kubebwa. Baadaye aliolewa, akafiwa na mume, akabaki kwenye shamba la marehemu. Upande wa pili wa shamba aliishi mdogo wa marehemu, ambaye kila mtu alimwita Shemeji, hata wasiokuwa na undugu naye, kwa jinsi alivyokuwa na mdomo wa asali. Mzee wao, baba wa hao ndugu wawili, alipowagawia ardhi, hakuzungushia ua wala kuchimba mtaro. Alipanda mkangazi katikati, akasema: huku wewe, na huku wewe. Mpaka ukawa unashuka kutoka barabarani, unapita mkangazini, unaishia mtoni. Miaka yote hiyo hakuna aliyeuhoji.

Dada alikuwa amesafiri kwenda kumuuguza binti yake aliyejifungua kwa upasuaji. Ndipo Shemeji alipomjia Kamba.

"Shemeji," alimwambia, maana na wao waliitana hivyo, "mimi na dada yako tumeshaelewana. Ule mti mizizi yake imeanza kuingia chini ya nyumba yake. Uangushe, uupasue. Nusu ya mbao chukua wewe, nusu nyingine tutagawana mimi na yeye."

Wapasuaji wana desturi yao. Mti ulio mpakani hauangushwi mpaka mpasuaji abishe hodi nyumba zote mbili, na wenyewe watoke waguse shina kwa kiganja, naye anatazama. Hata majirani waliokosana hutoka wakagusa, kila mtu na mdomo wake ameufumba. Kamba alibisha kwa Shemeji, Shemeji akatoka, akagusa. Akaenda kubisha kwa Dada, akakuta kufuli. Alisimama mbele ya lile kufuli kitambo kirefu. Mawingu yalikuwa yanajikusanya, mnyororo ameunoa asubuhi ile, na mkangazi haupatikani kila siku. Alijiambia kwamba kufuli halikukataa. Akarudi, akawasha mashine.

Mti ulianguka vizuri, upande uleule alioutaka. Mbao zake zilitoka nyekundu na nzito, harufu yake ikakaa kwenye shati hata baada ya kufuliwa, naye akazipanga kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Dada hakuwekewa hata ubao mmoja. Shemeji alijitengenezea kitanda cha watu watatu, kisha akamlipa seremala atengeneze meza kubwa na mabenchi, akavipeleka ofisi ya baraza la ardhi kama zawadi. Baada ya hapo akakichimbua kisiki, akakichoma hadi kikawa jivu, akalima juu yake.

Kamba alipoona kisiki kinachimbuliwa ndipo alipojua amefanya nini. Mtu anayetaka mbao hana shida na kisiki. Alirudi nyumbani akatengeneza mlango, kwa kuwa mbao zilikuwapo na mlango wa zamani ulishaliwa na mchwa.

Sasa alikuwa anaufuata mlango, hatua kadhaa nyuma. Hakujaribu kuukamata. Ulipofika shambani uliacha barabara, ukashuka kati ya mahindi bila kuvunja bua.

Vitu vingine vilikuwa vimeshafika. Meza ya baraza ilisimama katikati, juu yake kikombe cha chai kilichofunikwa kwa kisahani. Upande wa juu, kuelekea barabarani, yalisimama mabenchi. Upande wa chini, kuelekea mtoni, kilikuwa kitanda cha Shemeji, na godoro lake, na chandarua kimefungwa juu. Mlango ulikwenda ukasimama kwenye nafasi iliyobaki baina ya kitanda na meza, ukatulia. Kwa mazoea tu, Kamba alifumba jicho moja akaitazama ile safu. Ilikuwa imenyooka. Yeye na uzi wake wasingeipiga vizuri zaidi.

Dada alikuwa amesimama hapo. Alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye gari, begi liko chini, viatu vya safari bado viko mguuni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mtoto na mama yake hawajambo, wanawasalimu." Alivitazama vile vitu kimoja kimoja. "Kitanda ni cha Shemeji, chandarua nakijua, nilikinunua mimi. Meza wameniambia ni ya baraza. Huu mlango ndio siujui."

Kamba angeweza kusema haujui pia. Neno lilishafika kwenye ulimi. Lakini komeo lilikuwa limeandikwa kwa msumari herufi za majina ya wanawe, na Dada ndiye aliyewapa watoto wale majina.

"Ni wangu," alisema.

"Umetengenezwa vizuri," Dada alisema.

Kamba alitamani dada yake ampige kofi. Akiwa mdogo alimpiga kwa makosa madogo zaidi, kwa kumwaga unga, kwa kupoteza kandambili, na kofi likiisha kesi nayo ilikuwa imekwisha.

"Nilibisha hodi, dada."

"Sikuwapo."

"Nikakuta kufuli."

"Kufuli nililifunga mimi," Dada alisema, akainama, akachukua begi lake, akaingia ndani.

Jioni ile wenye vitu walikuja kuvichukua. Mhudumu wa ofisi alikuja na mkokoteni, akakinywa kile kikombe cha chai kwanza kisipotee bure. Shemeji alikuja na watu wawili, akampa Dada pole ya safari, akamuulizia mtoto.

"Mkangazi mbichi ndivyo ulivyo," alisema, akipapasa kitanda chake. "Hautulii mpaka ukauke. Halafu, shemeji, tutafute siku tuzungumze. Kile kijia kinachopita nyuma ya nyumba yako ndio mpaka. Mzee alisema hivyo mwenyewe, wewe ulikuwa hujaolewa."

Kijia hicho kilikuwa mwisho wa shamba la Dada, upande wa pili kabisa. Mpaka ukiwa ni kijia, basi mahindi, kisima na nyumba yenyewe vyote vilikuwa vya Shemeji. Hata mtoto angeweza kuiona hesabu hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu alikuwa hajifichi hata nguoni.

Kuanzia hapo mbao zilitoka kila alasiri, saa ileile ambayo zamani kivuli cha mkangazi kilifika mlangoni kwa Dada. Watu walizoea, maana mtu huzoea. Ofisi ya baraza ilijaribu kuifunga meza kwa mnyororo kwenye nguzo, ikaenda na nguzo. Wakaifungua, wakawa wanaondoa karatasi mezani mapema. Waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi walijua kuinuka. Shemeji alikuwa akikunja godoro baada ya chakula cha mchana, kisha anaketi barazani kwake akikipungia mkono kitanda kinapopita. Kamba aliupigilia mlango misumari mirefu ya kuezekea. Siku hiyo ulikwenda na miimo yake yote miwili, ukuta ukapasuka hadi dirishani, akarudi kwenye skrubu.

Mkewe alitundika mkeka pale mlangoni. "Nyumba inapata hewa," aliwaambia majirani. Mumewe hakucheka. Ilimbidi kila siku aende shambani kwa Dada, aubebe mlango mgongoni, apite nao mbele ya dirisha lake. Dada alimsalimu kila siku. Siku nyingine alimpa maji ya kunywa. Hakumuuliza kitu. Hilo ndilo lililokuwa likimla.

Tarehe ya baraza la ardhi kusikiliza kesi ya mpaka ilipotangazwa, Shemeji alimfuata Kamba kazini, alikokuwa anapasua mti wa watu. Alisubiri kwa adabu mashine izimwe.

"Nasikia dada yako atakuita uwe shahidi," alisema. "Ni haki yake. Ila kumbuka ule mti, kama ulikuwapo, uliangushwa bila kibali. Aliyeangusha ni nani? Kama mimi nilikutuma, aliyesikia ni nani? Nakuonea huruma tu, shemeji. Mashine kama hii ikichukuliwa hairudi."

Alipangusa vumbi la mbao begani mwa Kamba, akaondoka. Kamba alifunika gogo kwa magome, akarudi nyumbani mapema, akamweleza mkewe.

"Mashine ndiyo inatulisha," mkewe alisema.

"Najua."

"Na dada yako ndiye aliyekulisha kabla ya mashine."

"Najua."

"Basi mimi sina la kuongeza," mkewe alisema, akaendelea kupepeta. Kamba aliketi karibu na mkeka, akisikiliza ungo, na kila alipoamua kusema aliiona mashine ikipakiwa kwenye gari la watu, na kila alipoamua kunyamaza aliliona lile kufuli.

Baraza lilianza asubuhi. Mwenyekiti, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alikaa nyuma ya meza ya mkangazi na wajumbe wake. Dada alisema maneno machache: mume wangu alikuwa na shamba, lilikuwa na mpaka, mpaka ulikuwa mti. Shemeji alisema maneno mengi. Alianza na babu wa babu yake, akaeleza tabia njema za marehemu, akalia kidogo, akapewa maji. Jua lilishapita utosini alipofika kwenye kijia.

"Mti haujawahi kuwapo," alimaliza. "Kama ulikuwapo, kisiki kiko wapi?"

"Swali zuri," Mwenyekiti alisema. "Mama, una shahidi?"

Dada hakugeuka. "Kama yupo, atasimama mwenyewe," alisema.

Kamba alisimama. Alisema mti ulikuwapo, na aliyeuangusha ni yeye, na aliyemtuma amekaa pale. Akaeleza kufuli. Akataja unene wa shina, akaonyesha kwa mikono.

Alipokuwa bado ameinyoosha mikono, meza iliondoka.

Watu waliinuka kwenye mabenchi, kwa kuwa nayo yalikuwa yanakwenda. Hakuna aliyeona sababu ya kuahirisha. Mwenyekiti alitembea ubavuni mwa meza, kiganja juu ya karatasi zisipeperuke, wajumbe nyuma yake, mhudumu amebeba muhuri na kidau cha wino. Njiani waliungana na kitanda, na baadaye na mlango. Shemeji aliwapisha wanawake watangulie. Walifika shambani, meza ikachukua nafasi yake, mabenchi yakachukua yao, watu wakaketi, na kikao kikaendelea pale kilipokuwa kimeishia. Safu yote ilikuwa imenyooka kutoka barabarani hadi mtoni, na Mwenyekiti alikuwa ameketi katikati yake.

"Tulikuwa kwenye mti," alisema. "Shahidi, unaweza kuliambia baraza ulikuwa mahali gani?"

"Hapo ulipo, Mwenyekiti. Meza imesimama juu yake."

Mwenyekiti aliinua miguu, akainama akatazama chini ya meza. Palikuwa na udongo uliolimwa, na vipande vya mkaa. Wajumbe nao wakainama, wakatazama, wakainuka.

"Sioni mti," Mwenyekiti alisema.

"Mti ndio hiyo meza," Kamba alisema. "Na benchi ulilokalia. Na kile kitanda, na mlango wangu ule. Mwenyekiti, tazama tu ulipokaa. Vyote vimesimama mpakani."

"Naona," Mwenyekiti alisema, bila ukali. "Kila mtu anaona. Lakini meza haiwezi kula kiapo."

Waliinamiana, wakanong'ona kwa muda mfupi. Kisha akasoma uamuzi. Baraza huenda kwa kilichopo. Mti haupo, kisiki hakipo, kijia kipo. Kwa hiyo mpaka ni kijia, na mama atapewa nafasi ya kuvuna kabla ya kuhama, kwa ubinadamu. Ama kuhusu shahidi, amekiri kwa kinywa chake kuangusha mkangazi bila kibali, na baraza halina budi kuichukua mashine yake. Mjumbe mmoja aliuliza inakuwaje mti usiokuwapo uangushwe bila kibali. Mwenyekiti akamwambia hayo ni mambo mawili tofauti, mjumbe akakubali. Muhuri ukapigwa. Meza haikutikisika.

Kamba alikuwa amedhani kwamba akishasema moyo utatulia. Haukutulia. Alitazama mahindi ya Dada, yaliyokuwa yameanza kukauka vizuri. Dada alikuja akasimama karibu naye.

"Umesema," alimwambia.

"Haikusaidia, dada."

"Haikusaidia," Dada alikubali. Kisha akamshika mkono, kama alivyokuwa akimshika wakivuka barabara, akakaa hivyo mpaka mhudumu alipowaomba wasogee aingize mkokoteni.

Alivuna, akahama, akaja kuishi kwa Kamba, chumba cha mbele. Mashine ilikwenda na haikurudi. Kamba sasa alipasua mabanzi kwa msumeno wa mkono kwa seremala yuleyule aliyetengeneza meza ya baraza, na jioni mabega yalimuuma. Shemeji aliweka mlinzi katika nyumba ya Dada, na shamba lote akalizungushia nguzo na waya.

Siku ya kwanza ya waya samani zilipita nao, zikaburuta nguzo kadhaa hadi mtoni. Shemeji hakukasirika. Alikuwa mtu wa kutatua mambo. Alitengeneza geti dogo upande wa barabara, lenye upana wa kitanda, akamwagiza mlinzi alifungue kila alasiri kwa ajili ya mbao, na jioni azitoe nje kwa wenyewe. Watu hawakuruhusiwa kuingia.

Dada aliusindikiza mlango kila siku. Kamba alimsihi apumzike, kwamba yeye atauchukua akitoka kazini, lakini Dada alikuwa tayari ameshavaa viatu.

"Wenyewe unakwenda kwetu," alisema. "Niache niusindikize."

Walikwenda polepole, mlango kwa pembe zake na yeye ubavuni, wakisalimiwa na watu. Siku moja Kamba alipowahi kutoka kazini aliwakuta wamefika getini. Meza ilishaingia, mabenchi yalishaingia, kitanda kilikuwa kinaingia. Dada alikuwa amesimama mbele ya mlango, mkono mmoja juu ya komeo, anachungulia kati ya nguzo kuelekea kisimani. Mlinzi, mtu mstaarabu aliyemheshimu, alivua kofia.

"Samahani mama," alisema. "Sogea nyuma kidogo, mlango upite."

Dada akasogea, na mlango ukapita.